Rupia Mia Tano za Krishna

Hotuba iliyotolewa jijini Mwanza baada ya kuoneshwa filamu ya Salaam Bombay!

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, walezi, walimu, maafisa wenzangu wa ustawi wa jamii, nanyi vijana mlioketi safu ya mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza mara tu baada ya taa kuwashwa, wakati uso wa yule mtoto ungali machoni petu na hakuna aliyekwisha kuanza kuulizia usafiri wa kurudi nyumbani. Sikuitwa hapa kwa kuwa ni mjuzi wa filamu. Nimeitwa kwa kuwa nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka ishirini na saba kabla sijastaafu, na kwa miaka hiyo yote watoto wa aina ya Krishna, yule mtoto tuliyemwona sasa hivi kwenye filamu, walikuwa wakiketi kwenye benchi lililokuwa mbele ya meza yangu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya jambo moja ambalo filamu hii imelishika kuliko mafunzo yote niliyopewa kazini, nalo ni deni.

Filamu hii ilitoka mwaka 1988. Ni filamu ya kwanza ya hadithi kuongozwa na Mira Nair, ambaye hadi wakati huo alikuwa akitengeneza filamu za matukio halisi, na mswada wake uliandikwa na Sooni Taraporevala. Jiji linaloonekana ndani yake siku hizi huitwa Mumbai. Jina lilibadilishwa mwaka 1995, lakini mimi nitasema Bombay, kwa kuwa hilo ndilo jina lililokuwa midomoni mwa watoto wale. Na hadithi nzima, ukiitazama vizuri, imesimama juu ya kiasi kimoja cha fedha. Krishna ameichoma pikipiki ya kaka yake kwa hasira ya kuonewa, na mama yake amempeleka kufanya kazi kwenye sarakasi na kumwambia asirudi nyumbani mpaka awe na rupia 500 za kulipia hasara ile. Rupia si neno geni kwetu; bibi zetu walizihesabu rupia hapa hapa kabla ya shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na pengine ndiyo sababu nilipoisikia kauli ya yule mama kwa mara ya kwanza nilihisi kana kwamba inasemwa na jirani yangu. Siku moja mtoto anatumwa dukani na mkuu wa sarakasi, na anaporudi anakuta uwanja ni mtupu: hema limekunjwa, magari yameondoka, na hakuna aliyekumbuka kumsubiri. Hana sarakasi, hana rupia 500, na kwao amekatazwa kwenda. Anakwenda stesheni na visenti alivyonavyo na kukata tiketi ya treni ya kwenda jiji kubwa.

Naomba tutue hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupita haraka. Krishna hakutoroka kwao kwa utundu, wala kwa tamaa ya taa za jijini, wala kwa sababu ya marafiki wabaya, sababu tatu ambazo tulizoea kuzijaza kwenye fomu zetu. Alikuwa mtoto mtiifu aliyeagizwa na mama yake kurudi na fedha, naye kuanzia dakika ile mpaka mwisho wa filamu hana shughuli nyingine isipokuwa kutekeleza agizo hilo. Kila anachofanya jijini, kizuri na kibaya, anakifanya ili arudi nyumbani. Sisi katika kazi yetu tuna msemo kwamba mtaa hauzai mtoto, na ni msemo wa kweli, kwani kila mtoto aliyelala kibarazani ana mahali alikotoka. Lakini msemo huo unatufanya tudhani kwamba tukishajua alikotoka tumemaliza kazi, na kwamba kinachobaki ni nauli tu. Filamu hii inatuonesha mtoto anayejua kwao vizuri kabisa, anayekuota kwao kila usiku, na ambaye hawezi kwenda kwa sababu anadaiwa.

Nilimfahamu mvulana mmoja, na jina lake sitalitaja, aliyekuwa akiokota dagaa wanaomwagika kutoka kwenye magunia pale mwaloni Kirumba. Alikuwa na ufagio wa chelewa uliobaki nusu, na kopo la rangi ambalo alilitoboa matundu chini kwa msumari ili mchanga upite na dagaa wabaki. Alikuwa akilitikisa kopo lile kwa mkono mmoja huku akitazama begani asije akafukuzwa. Kila jioni alikuja ofisini na kuniachia shilingi mia mbili, siku nyingine mia tatu, nami nikawa nazitia kwenye bahasha ndani ya droo. Nilimwambia mara nyingi kwamba nauli ya kwenda kwao imekwisha kutosha, na kila mara aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Ilichukua miezi minane kabla hajaniambia kwamba siyo nauli aliyokuwa akiweka. Alikuwa akichunga mbuzi wa baba yake mdogo, wakampotea wawili, akaogopa kurudi jioni ile, na sasa alikuwa akitafuta bei ya mbuzi wawili. Niliposafiri naye mpaka kijijini kwao, yule baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akasema kwamba mbuzi wale walirudi wenyewe magharibi ya siku ile ile, na kwamba aliyekosekana zizini alikuwa mtoto.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu mimi, afisa niliyesomea kazi hii, kwa miezi minane nilikuwa nikimuuliza mtoto yule kwao ni wapi, na hata siku moja sikumuuliza anadaiwa nini na nani. Laiti ningeiona filamu hii mapema.

Turudi Bombay. Jambo la kwanza linalompata Krishna baada ya kushuka kwenye treni ni kuibiwa, na jambo la pili ni kupoteza jina. Anapata kibarua kwenye banda la chai katika mitaa ya madanguro, kazi yake ikiwa kuzungusha glasi za chai kwa wateja ndani ya kibebeo cha waya, na kuanzia hapo anaitwa Chaipau, yaani chai na mkate. Rafiki yake mkubwa anaitwa Chillum, jina la kiko, kwa sababu anauza unga, yaani dawa za kulevya, na yeye mwenyewe ni mtumiaji. Binti aliyeletwa kutoka mbali na kuuzwa danguroni, ambaye lugha yake hakuna anayeielewa, anaitwa Solasaal, maana yake miaka kumi na sita, kana kwamba umri wake ndio bei yake. Na mwanamume anayeendesha biashara ile yote ya unga na ya wanawake, anaitwa Baba. Kwa mtazamaji wa nchi nyingine hilo ni jina tu. Sisi tunaoizungumza lugha hii hatuwezi kulisikia bila kushtuka, kwani kila linapotamkwa ndani ya ukumbi huu tumesikia neno tunalolitumia nyumbani kwa heshima, likibebwa na mtu anayemlainisha Solasaal kwa maneno matamu mpaka binti mwenyewe anaamini anapendwa, siku ile anapopelekwa kwa mteja wake wa kwanza. Hivi ndivyo mtaa unavyofanya kazi: unamnyang'anya mtoto jina alilopewa na mama yake na kumpa jina la kazi, na kisha unampa mtu wa kumwita baba.

Watoto wa filamu hii wanafanya kazi, na naomba jambo hilo lisitupite. Wanazungusha chai, wanahudumia kwenye harusi za matajiri usiku wa manane, na siku njaa inapozidi wanaingia kwenye nyumba ya mzee na kumwibia. Wanacheka sana. Wanaimba nyimbo za sinema, wanataniana, wanaoneana wivu, wanapendana. Hakuna pahala ambapo kamera inawainamia kutoka juu kwa huruma. Muda mwingi imewekwa kwenye kimo chao, kiasi kwamba watu wazima wengi tunawaona viuno na mikono kabla ya kuwaona nyuso. Ninaamini huo ndio uamuzi uliowatofautisha watoto hawa na watoto tunaowaona kwenye mabango ya kuchangisha fedha, ambao siku zote wameketi, siku zote wametutazama, na hata siku moja hawana shughuli yao wenyewe.

Fedha anazopata, Krishna anamwekesha Chillum, kwa kuwa mtoto wa mitaani hana mfuko usiotoboka wala kabati lenye kufuli, na benki yake ni mtu anayemwamini. Vijana wa safu ya mbele wanajua ninachosema. Chillum anazimaliza kwa unga, na unga nao unammaliza. Ningependa kusema kwamba hapo nilimchukia, lakini sikuweza, kwa sababu Raghuvir Yadav aliyeigiza nafasi ile amemfanya mtu ambaye anampenda mtoto kwa dhati na bado anamwibia, na mtu wa namna hiyo ni wa kweli zaidi kuliko jambazi wa kawaida wa sinema.

Kuna onesho jingine, fupi mno, ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa filamu yote. Krishna anakwenda kwa mwandishi wa barua, mmoja wa wale wanaokaa barabarani na kuwaandikia watu kwa malipo, kama waliokuwa wakikaa nje ya posta zetu zamani, naye anamtajia maneno ya kumwandikia mama yake. Anasema yuko Bombay, anafanya kazi, atarudi akishapata zile fedha. Mwandishi huyo aliigizwa na Irrfan Khan, ambaye alikuwa bado kijana asiyejulikana na ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji wa kimataifa mpaka alipofariki mwaka 2020. Kisha inafika zamu ya anwani, na mtoto hajui anwani. Anajua jina la mahali kwao kama mtoto anavyolijua, yaani kwa mti na kwa njia na kwa nyumba ya fulani, na posta haipeleki barua kwa mti. Barua ile haitafika. Nimeiona filamu hii mara tano sasa, na kila mara nikifika hapo mkono wangu unatafuta kalamu ndani ya mkoba, kwa mazoea ya kazi, kana kwamba ningeweza kumuuliza tena taratibu: kituo cha basi cha karibu kinaitwaje, shuleni mlikuwa mnavuka mto gani, mwalimu mkuu alikuwa nani.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonihusu mimi binafsi. Manju ni mtoto wa Rekha, mwanamke anayefanya biashara ya mwili, na wa huyo Baba. Usiku mmoja, wakitoka kuhudumia kwenye harusi, Manju na Krishna wanakamatwa na polisi na kupelekwa kwenye makao ya watoto. Mama anapokwenda kumdai mwanawe, anaambiwa na mtumishi wa serikali kwamba kwa kazi anayoifanya hafai kurudishiwa mtoto. Mtumishi yule hapigi kelele wala hatukani. Ana faili mbele yake, na yote anayosema yamo ndani ya faili. Mwaka wa kwanza nilipoitazama filamu hii nilimwona Rekha; safari hii nimemtazama zaidi yule aliye upande wa pili wa meza, kwa sababu upande huo nilikaa mimi. Zipo karatasi nilizozitia saini. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inaruhusu atenganishwe nao ikiwa kukaa nao kutamdhuru. Ni sheria nzuri. Lakini baina ya maneno hayo mawili, haki na madhara, anakaa afisa mmoja mwenye mafaili sitini, mchana wa joto, na mama aliyevaa nguo ambazo afisa hazipendi. Nilipata kuhukumu nguo. Sisemi kwamba nyumba ya Rekha ilikuwa mahali salama kwa Manju; filamu yenyewe haisemi hivyo, na mtoto yule tumemwona akitolewa nje ya chumba mteja anapoingia. Ninasema kwamba katika chumba kile cha ofisi hakuna aliyemuuliza Manju kitu chochote, na kwamba mama aliambiwa amepoteza mtoto kwa sauti ile ile anayoambiwa mtu kwamba fomu yake ina kasoro.

Naomba sasa niseme kidogo kuhusu namna filamu ilivyotengenezwa, kwa kuwa deni halikuishia kwenye hadithi. Watoto mliowaona si wanafunzi wa shule za maigizo. Karibu wote walitoka mitaani Bombay, na kabla ya kamera kuwashwa walikusanywa kwenye warsha iliyoongozwa na Barry John, mwalimu wa uigizaji, wakacheza, wakaigiza na kusimulia maisha yao, na sehemu kubwa ya simulizi zao ikaingia kwenye mswada. Shida moja ilikuwa kwamba watoto wale walikuwa wapenzi wakubwa wa sinema za Kihindi na walipoambiwa waigize waliigiza kama mashujaa wa sinema hizo, kwa kupaza sauti na kurusha mikono, hivyo kazi kubwa ya warsha ilikuwa kuwasahaulisha uigizaji. Upigaji picha ulifanyika mwaka 1987 katika mitaa yenyewe, stesheni zenyewe na madanguro yenyewe, kati ya umati usiojua kwamba unapigwa picha.

Shafiq Syed, aliyeigiza nafasi ya Krishna, alikuwa mtoto aliyetoka Bangalore na kukimbilia Bombay kwa treni. Amewahi kueleza kwamba alipoahidiwa rupia 20 kwa siku ili ahudhurie warsha, wenzake walitoroka wakidhani ni mtego. Alipewa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora mtoto. Filamu nayo ilikwenda kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1988 na kushinda Kamera ya Dhahabu, tuzo ya filamu bora ya kwanza, pamoja na tuzo ya watazamaji, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya pili tu ya India kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, miaka thelathini na zaidi baada ya ile ya kwanza, Mother India. Na Shafiq? Aligonga milango ya watengenezaji filamu, kazi haikupatikana, akarudi Bangalore akawa dereva wa bajaji. Wako wanaoisimulia habari hiyo kwa kusikitika, kana kwamba kuendesha bajaji ni kaburi. Mimi naona ni kazi halali ya mtu aliyekua, akaoa na kulea watoto, na kwa mtoto aliyelala stesheni hilo si jambo dogo. Hata hivyo swali linabaki palepale: dunia nzima ilipiga makofi kwa uso wake, basi dunia ilibaki na deni gani kwake?

Mira Nair na wenzake walilijibu swali hilo kwa sehemu, na ninasema kwa sehemu kwa kuwa hakuna anayeweza kulijibu lote. Kutokana na mapato ya filamu walianzisha mwaka ule ule wa 1988 taasisi ya Salaam Baalak, maana yake salamu mtoto, ambayo mama yake Mira Nair, Praveen Nair, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha. Ilianza Delhi na watoto 25 wa eneo la stesheni ya treni, ikafanya kazi Bombay pia, na mpaka leo ipo, ikiwa na vituo, malazi na masomo. Kinachonivutia zaidi ni matembezi yao: vijana waliokulia stesheni huwaongoza wageni kwa miguu katika vichochoro vya Paharganj karibu na stesheni ya New Delhi, wakieleza wenyewe walilala wapi, walikula nini na nani aliwasaidia. Wamelipwa kwa ujuzi wao wa mtaa, badala ya kuambiwa wausahau.

Najua wapo watu, na baadhi yao wamo humu ukumbini, wanaosema kwamba filamu za aina hii zinauza umaskini wetu kwa wageni. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Nimeona wapiga picha wakiwapanga watoto wetu ukutani, wakiwaambia wasitabasamu, kisha wakiondoka bila hata kuuliza majina. Humo humo ndani ya Salaam Bombay! yumo mwandishi wa habari kutoka nje anayekuja kutafuta habari za unga, na mahojiano yake yanamharibia Chillum kibarua chake kwa Baba. Kwa hiyo watengenezaji walijua hatari hiyo na wakaiweka wazi mbele yetu. Kwangu mimi kipimo ni kile kile cha deni. Mtu akichukua hadithi ya mtoto na kwenda nayo, amekopa. Nitamhukumu kwa alichorudisha, na tena kwa kama mtoto mwenyewe alikuwa na neno katika kuisimulia.

Kwa jirani zetu wa Uganda jina la mwongozaji huyu si geni. Aliishi Kampala, na mwaka 2004 alianzisha huko taasisi ya mafunzo ya filamu aliyoiita Maisha, kwa neno letu la Kiswahili, inayofundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kuandika na kuongoza filamu zao. Mwaka 2016 alitoa Queen of Katwe, iliyopigwa Kampala na Afrika Kusini, na nafasi ya binti mcheza sataranji akampa Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo. Ninaitaja kwa sababu ni njia ile ile ya kazi iliyoanza na watoto wa Bombay.

Nikiitoa filamu hii Bombay na kuileta hapa, kitu cha kwanza ninachokiona ni gari. Katika mji mmoja niliofanyia kazi, kila alipotarajiwa mgeni mkubwa tulipokea agizo la kusafisha mji, na neno kusafisha lilihusu takataka na watoto kwa pamoja. Gari lilipita usiku, asubuhi stendi ilikuwa tupu, mgeni alikuja na kuondoka, na baada ya wiki mbili watoto walikuwa wamerudi, pungufu ya wawili watatu ambao hatukuwapata tena. Sikupinga kwa sauti ya kutosha. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla Namba 21, yanayohusu watoto walio katika mazingira ya mitaani, na humo imezitaka nchi ziache kuwakamata watoto kiholela na kuwaadhibu kwa kuomba au kuzurura. Nchini Kenya, sensa maalumu ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, wakubwa kwa wadogo. Nawapongeza kwa kuhesabu. Mtu huwezi kumlipa usiyemhesabu.

Na hapa kwetu Mwanza tuna jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani lililofanyika Durban, timu ya Tanzania ilifika fainali na kufungwa bao moja, na walioifunga walikuwa watoto wa India. Miaka minne baadaye, mjini Rio de Janeiro, vijana kutoka jiji hili walilichukua kombe lile kwa kuwafunga Burundi mabao matatu kwa moja. Nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama kuwapokea. Wengi wetu tuliopiga vigelegele siku ile tulikuwa tukivuka barabara tulipowaona watoto wale wale wakija mwaka mmoja kabla.

Nimalizie na dakika zile za mwisho tulizozitazama. Krishna amemchoma Baba kisu, amekimbia na Rekha wakishikana mikono, na wakaingia katikati ya maandamano ya sikukuu ya Ganesh, ambapo sanamu za mungu huyo hubebwa na umati mkubwa kwenda kutoswa baharini. Umati unawatenganisha. Tunaiona mikono ikiachana, sauti zinapotea ndani ya ngoma, kisha tunamkuta mtoto ameketi peke yake kwenye kibaraza. Ametoa pia yake mfukoni, ile pia ya mbao tuliyoicheza wote hapa utotoni, anaizungusha uzi taratibu, na kamera inausogelea uso wake mpaka hakuna kingine kwenye pazia. Hana fedha, hana jina, hana Chillum, na barua yake haikufika. Mwongozaji hakumletea mama. Hakumletea afisa wa ustawi wa jamii pia, na ninadhani alikuwa mkweli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye ratiba imeandikwa kwamba baada yangu kutakuwa na maswali na majibu, na kwamba nitayajibu mimi. Naomba ruhusa yako nibadilishe. Katika safu ya mbele wameketi vijana sita ambao wamelala stendi, mwaloni na kwenye vibaraza vya Makoroboi kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi kwenye kozi zote za kazi yangu, na wakati filamu ikiendelea niliwasikia mara tatu wakicheka mahali ambapo ukumbi mzima ulikuwa kimya, na mara moja wakinyamaza mahali ambapo sisi wengine tulicheka. Ningependa watueleze kwa nini. Mmoja wao amekwisha kuniambia kwamba yuko tayari kuanza, kwa hiyo ninampelekea kipaza sauti pale alipo, asihangaike kuja mbele.